Ukurasa wa Saba

Majirani zangu, nyinyi mnaopita Kaloleni hapa Nairobi mkienda uwanjani siku za mpira, bila shaka mmekiona kile chumba cha pembeni chenye mlango wa kijani na kufuli lililoshika kutu. Siku hizi mwanamke fulani huuza makaa mbele yake. Mwaka wa 1999 hapakuuzwa makaa pale. Palikuwa na chuo cha kompyuta, na yaliyokipata chuo hicho wengi mmeyasikia nusu nusu. Habari nusu ni kama dawa nusu, haimponyi mtu. Basi sikilizeni habari nzima.

Siku za Jumamosi asubuhi, chuo hicho kilifurahisha macho. Wanawake kumi na wawili, wengine wamejifunga vitambaa vya kichwa, wengine wamevaa hijabu, walikaa watatu watatu mbele ya kompyuta nne. Alikuwepo aliyeuza mboga soko la Burma, alikuwepo aliyefulia watu nguo Buruburu, na alikuwepo mjane mmoja wa Ziwani aliyepiga kigelegele siku alipobonyeza herufi ya kwanza ya jina lake akaiona imetokea kwenye kioo. Kavindu alikuwa akiwaletea chai kwa birika kubwa la bati. Alikuwa akisimama mlangoni na birika mkononi, akiwatazama, akijisemea kwamba kumbe Mungu anaweza kumpa mtu chumba kimoja na chumba hicho kikatosha.

Kavindu alikuwa mke wa mwenye chuo. Siku za kazi alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja mjini, mwanamke aitwaye Wacera. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Kizungu cha sheria alikijua kama anavyojua njia ya kwenda kanisani. Wakili Wacera hakuwa mtu wa kusifu watu, lakini aliwahi kuwaambia wateja mbele ya Kavindu mwenyewe, "Huyu akisema karatasi iko sawa, mimi natia sahihi nikiwa nimefumba macho." Ufunguo wa kabati la mihuri ulikaa katika mkoba wa Kavindu.

Mumewe, Munyoki, alikuwa karani wa bohari kwa miaka ishirini, mpaka barua za kupunguza wafanyakazi zilipogawanywa na yake ikawemo. Alirudi nyumbani siku hiyo na kikombe chake cha chai mfukoni mwa koti. Kwa kiinua mgongo chake alinunua kompyuta nne, kila moja na leseni yake, akaanzisha chuo. Nataka mlijue jambo hili mapema: Munyoki hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeaibishwa mara moja akaapa hataaibika tena, na mtu wa namna hiyo huliogopa neno "hapana" kuliko simba.

Mwanzoni mwa mwaka huo ilikuja barua kutoka bodi moja ya mitihani. Bodi ilikuwa ikianzisha cheti kipya cha utunzaji wa kompyuta. Mwanafunzi atakayekifanya sharti aweze, kwa mikono yake, kuipakia kompyuta mfumo wake mkuu, yaani ile programu ambayo bila hiyo kompyuta ni sanduku tu, kisha auharibu, autengeneze, aupakie tena. Kampuni nyingi zilikuwa zikiwatafuta watu wenye ujuzi huo, kwa maana ndio mwaka ule watu walisema kompyuta zitapagawa ukiingia mwaka wa elfu mbili.

"Wanafunzi kumi na wawili, kompyuta nne," Munyoki alisema. "Kila mmoja akiharibu na kupakia upya, nitabaki na nini?"

Aliyemjibu alikuwa Nzivo, mwalimu wa chuo, mkazi wa Baba Dogo, mtu mwerevu mwenye maneno mengi. "Mzee, cheki hii," alisema, akaingiza diski. "Hii programu inaunda kompyuta ndani ya kompyuta. Haina chuma, haina waya, lakini ina tabia zote za kompyuta. Unaipakia mfumo, unaiharibu, unaifuta, na ile ya nje haijui kitu. Kila mama tunamtengenezea yake."

Walijaribu. Mashine iliguna na kwenda polepole, kama punda aliyebebeshwa punda mwenzake, lakini ilikwenda. Kwenye kioo kikubwa kikatokea kioo kidogo, na ndani ya kile kidogo kompyuta nyingine ikawaka. Wanawake wakapiga makofi. Ruqiyo, msichana wa Eastleigh aliyekuwa mwepesi kuliko wote, akauliza swali lililomfanya kila mtu acheke: "Na ndani ya hiyo tunaweza kuweka nyingine?"

Kavindu hakucheka. Alitua birika chini. "Baba Musau," alimwambia mumewe, "tuna leseni nne za mfumo huo. Sasa tutakuwa na nakala kumi na sita. Leseni inasemaje?"

"Si wewe ndiye msomaji?" Munyoki akajibu kwa furaha. "Isome."

Aliisoma Jumapili, baada ya ibada, mezani, huku sufuria la muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, likitokota. Kilikuwa kijitabu cha kurasa tisa, maandishi madogo kama mbegu za wimbi. Ukurasa wa pili ulisema mwenye leseni anaruhusiwa kuweka nakala moja katika kompyuta moja. Alisoma maneno hayo mara tatu. Kompyuta ni ipi? Ni lile sanduku juu ya meza, au ni ile inayowaka ndani ya kioo kidogo? Walioandika maneno yale hawakuwa wamewaza kwamba kompyuta moja inaweza kubeba nyingine tumboni. Hakuona jibu, akaendelea kusoma. Ukurasa wa saba, aya ya chini kabisa, ulisema hivi: programu hii ikitumiwa kwa namna ambayo haikutajwa humu, mwenye leseni aombe kwanza ruhusa ya maandishi.

"Tuandike barua tuwaulize," Kavindu alisema.

Munyoki aliweka kijiko chini. "Ukiuliza, utajibiwa."

"Ndiyo maana ya kuuliza, Baba Musau."

"Na jibu likiwa hapana? Nitawaambia nini akina mama wale? Kompyuta ni nne. Nahesabu kwa macho yangu: moja, mbili, tatu, nne. Ukurasa wa pili umesema kompyuta moja, nakala moja. Hizo nyingine ni picha tu. Wewe mwenyewe umesema maneno hayako wazi."

"Ukurasa wa pili hauko wazi. Wa saba uko wazi."

"Ukurasa wa saba nani atafika?"

Ndugu zangu, tazameni hapo. Mtu hapotei kwa kukosa njia tu. Wengine hupotea kwa kukataa kumuuliza mwenye kuijua. Kavindu aliondoa vyombo akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni kukubali.

Lakini jambo halikukomea hapo. Fomu ya bodi ilimtaka mwenye chuo athibitishe kwamba nakala zote zina leseni, na kama kuna shaka, aambatishe maelezo ya wakili. Munyoki aliijaza yote, akaacha nafasi hiyo wazi, akamsogezea mkewe.

"Madam wako atuandikie mistari michache," alisema.

"Atataka kusoma kijitabu kizima."

"Basi andika wewe. Miaka kumi na sita unaandika barua zake. Hata yeye hawezi kuzitofautisha."

Kavindu alikataa. Alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne. Jumatano Munyoki hakugombana naye. Alikaa kitandani na lile koti lake la kazi mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Musau, nilifukuzwa mara moja. Usinifukuze na wewe." Hilo ndilo lililomvunja. Angepigiwa kelele angesimama imara.

Siku ya Alhamisi, saa ya chakula, Wakili Wacera akiwa mahakamani, Kavindu alipiga chapa ukurasa mmoja. Ulieleza vizuri sana kwamba kompyuta ni chombo kinachoshikika, kwamba kile kilichomo ndani ya kioo ni kazi ya chombo hicho wala si chombo kingine, na kwa hiyo leseni nne zinatosha. Kila neno lililokuwemo lingeweza kutetewa. Ukurasa wa saba hakuutaja. Akafungua kabati, akapiga muhuri, akaiga sahihi aliyoiona kila siku kwa miaka kumi na sita. Mkono haukumtetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Bodi ilikubali. Kwa miezi sita chuo kilinawiri. Wanawake walipakia mifumo, wakaiharibu, wakaitengeneza. Mjane wa Ziwani aliitwa na shule ya jirani kutengeneza kompyuta ya mwalimu mkuu. Ruqiyo alikuwa akiwafundisha wenzake. Alikuja Nairobi akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake Qali, wakikimbia vita, na hakuwahi kuwa na cheti cha kitu chochote. Sasa mfanyabiashara mmoja wa jumla, Mzee Hirad, alikuwa amemwahidi kazi ya kutunza kompyuta za duka lake siku atakapomletea karatasi ya bodi. Mtihani ulifanywa mwezi wa tisa. Wote kumi na wawili waliambiwa wamefaulu, vyeti vitafuata.

Kavindu aliendelea kuleta chai. Lakini hakusimama tena mlangoni kuwatazama. Alitua birika, akaondoka.

Mkaguzi wa bodi alikuja mwezi wa kumi, Jumamosi, bila taarifa. Alikuwa mtu mpole, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Alisalimu kila mtu, akakataa kiti, akasema anapenda kuona jinsi wanafunzi wanavyojifunza. Munyoki alianza kueleza, lakini Ruqiyo alikwisha kusimama. Alifurahi. Nani angemlaumu? Mgeni kutoka bodini amekuja, naye ana la kumwonyesha.

"Njoo uone, Bwana," alisema. "Hii ni yangu. Na hii ni ya Mama Mboga, na hii ni ya huyu dada. Zote zinalala ndani ya hii moja."

"Hongera," mkaguzi alisema, na alimaanisha. "Unaweza kunionyesha namba ya leseni ya kila moja?"

Ruqiyo alifungua moja baada ya nyingine, vidole vikiruka. Mkaguzi akaandika. Namba ilikuwa ile ile. Kompyuta ya pili, ile ile mara tatu. Ruqiyo, kwa vile alikuwa na akili, alianza kupunguza kasi. Alipofika kompyuta ya nne alikuwa akibonyeza kama mtu anayekanyaga miiba, macho yake yakienda kwa mwalimu Nzivo, kisha kwa Kavindu. Nzivo alikuwa akitazama viatu vyake. Jumatatu iliyofuata hakuonekana tena, wala hajaonekana mpaka leo.

Mkaguzi alitoa mkobani nakala ya ile barua ya wakili. Kisha akatoa kijitabu cha leseni, akafungua ukurasa wa saba. "Ruhusa ya maandishi mnayo?"

Munyoki alitazama kijitabu, akatazama wanawake kumi na wawili waliokuwa wakimtazama yeye. Kisha akasema maneno ambayo Kavindu ataingia nayo kaburini:

"Bwana mkaguzi, mimi nilikuwa karani wa bohari tu. Mambo ya sheria siyajui. Aliyesoma ni mke wangu."

Wanawake wote wakageuza shingo.

"Ni kweli, mama?" mkaguzi akauliza.

"Ni kweli," Kavindu alisema. "Niliusoma ukurasa huo. Nilijua." Hakumtazama mumewe.

Jumatatu, Kavindu alipofika ofisini, alimkuta Wakili Wacera ameketi kwenye kiti cha mpiga chapa, mbele ya mashine, barua ile ikiwa mbele yake. Bodi ilikuwa imempigia simu asubuhi na mapema, ikamtumia nakala kwa faksi.

"Sahihi umeiga vizuri," wakili alisema. "Hata mimi nilisita."

"Nisamehe, Madam."

"Umesahau kwamba mtu akishuku barua moja, zote zitatiliwa shaka? Miaka kumi na sita ya kazi yangu, Kavindu. Wosia za watu. Mashamba ya watu. Sasa nitaitwa nieleze kila karatasi iliyotoka humu ni ya nani." Alivua miwani akafuta machozi, mwanamke yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia. "Kwa nini hukuniuliza?"

Kavindu alifungua mkoba wake akashika ufunguo wa kabati.

"Asubuhi hii nimempigia simu wakala wa programu hiyo hapa mjini," Wacera akaendelea. "Nilimuuliza lile ambalo ungemuuliza wewe. Unajua amenijibu nini? Kwamba vyuo vidogo vikiandika barua vinaruhusiwa. Hupewa karatasi ya ukurasa mmoja, bure. Karatasi ya ukurasa mmoja, Kavindu."

Kavindu aliuweka ufunguo juu ya meza. Hakushtakiwa. Wakili alisema hana nguvu ya kumpeleka kortini mtu aliyekula naye miaka yote hiyo. Lakini barua ya kumsifu hakumpa, na kwa mpiga chapa wa mawakili, kukosa barua hiyo ni sawa na kukatwa vidole.

Uamuzi wa bodi ulifika baada ya wiki mbili. Chuo kimefutwa. Matokeo ya wanafunzi wote yamebatilishwa, kwa kuwa mtihani ulifanywa kwa nakala zisizo halali na kwa maelezo ya kughushi. Munyoki alitaka kubandika tangazo mlangoni. Kavindu alisema hapana. Alikwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Wapo waliomtukana, na matusi yale aliyapokea kama mtu anayepokea mzigo wake. Mjane wa Ziwani alimfungia mlango bila neno. Ruqiyo alimwacha mwisho.

Aliwakuta nyumbani Eastleigh, chumba cha ghorofa ya tatu, baada ya swala ya alasiri. Ruqiyo, aliyeiona namba ile kwa macho yake, alikuwa ametumaini tu kwamba watakaoadhibiwa ni wenye chuo. Mama yake, Qali, hakujua lolote. Alimkumbatia Kavindu, akamketisha juu ya mto mzuri, akamletea chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya tende.

"Mwanangu umemfanya mtu," Qali alisema. "Kila swala nakuombea."

Kavindu alishika kikombe lakini hakikufika mdomoni. Akatoa barua ya bodi, akaisoma kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, bila kuruka neno. Alipofika kwenye "yamebatilishwa", Qali alimtazama bintiye amfasirie kwa Kisomali. Ruqiyo hakufasiri.

"Tutafanya tena mtihani?" Ruqiyo aliuliza.

"Kituo kingine kikiwakubali. Mwaka ujao labda. Wengi watakataa wakiona mmetoka kwetu."

"Mzee Hirad alisema nimpelekee karatasi Jumatatu."

"Nitakwenda kumweleza."

"Umweleze nini, Mama? Kwamba mimi si mwongo?" Sauti ya Ruqiyo haikupanda. "Siku zile ulipokuwa ukituletea chai, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Ruqiyo aliinama, akachukua kikombe cha chai mkononi mwa Kavindu, taratibu, kwa adabu, akakirudisha kwenye sinia. Mama yake aliuliza kitu kwa Kisomali, akauliza tena. Kavindu alisimama akashuka ngazi. Huku nyuma alisikia mwanamke mzima akianza kulia baada ya kuelezwa.

Mzee Hirad alimchukua mtu mwingine. Ruqiyo alirudi kukunja vitambaa katika kibanda cha mama yake, na kila Kavindu alipopita mtaa ule aliinamisha kichwa, mpaka akaacha kupita. Munyoki aliuza kompyuta, akaenda kwao Mwala. Aliandika barua mbili akimwita mkewe. Kavindu alizisoma zote mbili mpaka mwisho, hakujibu. Mwaka wa elfu mbili uliingia, na kompyuta za watu hazikupagawa. Yeye aliukuta mwaka huo akiwa peke yake Kaloleni, akitafuta kazi ya kufua nguo, na kila alipoulizwa aliwahi kufanya kazi gani, alisema hakuwahi kufanya kazi.

FUNZO

Mkataba ni neno la mtu. Aliyeliandika ana haki ya kuulizwa alimaanisha nini, hasa pale ulimwengu unapoleta jambo jipya ambalo hakulitazamia. Neno lisilo wazi usilivute upande wako kisha ukadai ndilo lilivyosema. Uliza. Jibu la "hapana" linauma siku moja. Jibu ulilojitungia mwenyewe litakuuma wewe na wasio na hatia. Nanyi mliojaliwa kusoma, mkisomea wengine, wasomeeni mpaka ukurasa wa mwisho. Aya moja mnayoiruka ili kumpendeza mtu wa nyumbani inaweza kuwa ndiyo riziki ya mtoto wa mwenzenu. Ukiondoa ile sahihi ya kughushi, Kavindu hakusema uongo hata neno moja katika ile barua. Alinyamaza mahali pamoja tu, na watu kumi na wawili wakaangukia hapo.